Paja Ambalo Halikuandikwa

Mwenzi mchoyo hasumbui. Ukienda naye porini, akaficha maini na kukugawia mifupa, safari nyingine humwiti, na kijiji kizima kitakuelewa. Anayesumbua ni mkarimu. Ana jicho kali, hachoki, akipata anakumbuka mpaka wajane, na kila mlichokubaliana kabla ya kutoka nyumbani anakivunja huku anacheka. Huyo ukimkataa, wewe ndiye unayeonekana una roho mbaya.

Nimekulia upande wa Mugumu, wilaya ya Serengeti, na ujombani kwangu ni Nyanungu, Tarime. Kote huko watu waliwinda kabla ya kuwepo ofisi ya kuwauliza kibali. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walilima kidogo, wakafuga kidogo, na nyumbu walipopita wakajaza maghala yao nyama kavu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951, sehemu kubwa ya mawindo yao ilibaki ndani ya mpaka. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti nazo zikawa mapori ya akiba. Ukisimama Robanda leo, jirani kabisa na lango la Fort Ikoma, nyumbu anakatiza mbele ya macho yako akitoka ardhi yenye sheria moja kuingia ardhi yenye sheria nyingine, na yeye hana habari.

Nayasema haya mapema kwa sababu mwenzetu ninayetaka kumsimulia alikuwa anayasema vizuri kuliko mimi. Jina lake naliacha. Alikuwa rika moja na baba yangu mdogo, wametahiriwa msimu mmoja, na kwetu hiyo ni zaidi ya urafiki: mtu wa saro yako, yaani uliyetahiriwa naye, unamkatalia kitu ukiwa na sababu nzito mno.

Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango ambao vijana wa sasa wanaposimuliwa hawaamini. Kupitia mradi wa uhifadhi uliosaidiwa na Norway, vijiji vinavyopakana na hifadhi vilipewa mgao wa wanyama wa kuwinda kihalali. Nyama iliuzwa kijijini kwa bei nafuu, na kilichopatikana kikaingia kwenye shughuli za kijiji, madarasa na mengineyo. Baba mdogo alikuwa katika kikosi cha kijiji, na yule mwenzake vilevile. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba na kuchinja, kazi ambayo nitaisifia mpaka kufa kwa sababu ndiyo ilinifanya nikae karibu nikaona.

Kanuni za kikosi hazikuwa nyingi. Jike lenye ndama liachwe. Mnyama aliyejeruhiwa afuatwe mpaka apatikane, na akipatikana ahesabiwe hata kama nyama yake imeharibika. Kisu kisipite kwenye mnofu kwa ajili ya mtu yeyote kabla ya mizani. Na mgao ukiisha, bunduki irudi. Nyingine zilitoka kwenye sheria ya serikali, nyingine wazee walizikumbuka zenyewe. Babu zetu walivizia kwa mishale ya sumu na kuchimba mitego ya mashimo, na hata wao hawakumruhusu kila mtu afanye apendavyo. Porini watu wanategemeana. Aliyefuata damu peke yake gizani hakuhesabiwa kuwa shujaa; aliwatia wenzake kazi ya kumtafuta.

Siku ninayoizungumzia, nyama imekwisha kuletwa chini ya mti, mizani imening'inizwa kwenye tawi, karani ana daftari lake la mistari. Watu wamejipanga na mabeseni na mifuko ya rambo. Baba mdogo alienda kuchukua baiskeli yake akakuta kwenye keria pamefungwa kitu kwa shuka kuukuu, kimekazwa kwa mpira wa tyubu. Paja zima la nyumbu, bado lina joto. Mwenzake alikuwa amesimama pembeni anasafisha kisu kwa nyasi.

"Mura, hilo la watoto," alisema. "Yule wa mwisho hatukumwandika. Na paja la pili nimempelekea mama yako."

Mama yake maana yake bibi yangu. Yaani tayari lilikuwa jikoni kwetu.

Baba mdogo hakubisha. Alifungua ule mpira taratibu, akaukunja, akautia mfukoni. Akalibeba paja mpaka kwenye mizani akalitundika kwenye ndoano mbele ya watu wote, akamwambia karani: "Andika." Karani akauliza aliandike kwa mnyama wa ngapi. Palikuwa kimya kidogo. Baba mdogo akasema, "Andika paja, mengine tutaulizana baadaye." Kisha akahesabu pesa, akalipia lile paja na lile lililokuwa jikoni kwa bibi, akaondoka na risiti mbili na hasira yote aliyonayo.

Nilidhani watu wangempongeza. Kijiji kilimnunia msimu mzima. Wanawake waliokuwa wamezoea kupata kibakuli cha ziada kutoka kwa yule mwenzetu walisema baba mdogo amejifanya bwana nyama, jina ambalo kwetu si sifa, maana bwana nyama ndiye anayekuja na pingu. Bibi mwenyewe alimuuliza kama alitaka kumfunga mwenzake wa kutahiriwa kwa ajili ya mguu wa nyumbu.

Nimefikiri sana kwa nini walikuwa upande wa yule mwingine, na sidhani ni ulafi tu. Alikuwa na hoja. Alisema wanyama hawa tulikuwa nao kabla hajaja mtu wa kuwahesabu. Alisema nyumbu hawaishi, na kwa hilo namba zilimuunga mkono: sotoka ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka karibu laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo wanatajwa kuwa kama milioni 1.3. Alisema mgeni analipa anapiga, mwenyeji anavizia anafungwa. Hapo hata mimi, mtu wa chaki, sina jibu la kumnyamazisha. Ukichukua ardhi ya watu ukawarudishia wanyama wachache kwa mgao, usishangae wakihesabu vibaya.

Lakini ile hoja haikuhusu lile paja. Baba mdogo alikuja kunieleza hivyo miaka mingi baadaye, tukiwa tunapukuchua mahindi, kwa maneno machache kama kawaida yake: serikali ilikuwa na daftari lake, na sisi tulikuwa na letu. Nyumbu ambaye hakuandikwa hakuibiwa kwa waziri. Alitolewa kwenye fungu la watu waliokuwa wamejipanga pale na mabeseni, na yule aliyemtoa ndiye aliyeamua nani ale bila kupanga foleni. Ukarimu wake ulikuwa na anwani. Wajane aliowapelekea ni wa upande wa kwao.

Nimewahi kuwasikia watu wakichanganya mambo haya mawili, na nadhani ndipo uamuzi unapoharibika. Kuna kanuni inayoletwa kutoka mbali, unaweza kuipinga mkutanoni, ukaandika barua, ukamfuata mbunge. Na kuna neno mlilopeana ninyi kwa ninyi asubuhi kabla ya kutoka. Mwenzako anayevunja hilo la pili, hulindi chochote kikubwa kwa kumnyamazia. Hupambani na ukoloni wala hutetei mila. Unamsaidia tu yeye.

Kwa wajomba zangu Nyanungu mambo haya yana sura nyingine. Huko kaskazini nyumbu hufika baadaye, kama Julai hadi Oktoba, wanapozagaa kwenye kipande cha Lamai na kuuvuka Mto Mara. Wakurya wapo pande zote mbili za mpaka, na mtu wa Tarime anaweza kuwa na shemeji Kenya ambako uwindaji wote ulipigwa marufuku tangu 1977. Basi mwenzako wa upande ule anavuka kuja huku akidhani kwamba, kwa kuwa kwetu kuna vibali vya kuwinda, kila kitu kinawezekana. Mjomba alikuwa na desturi moja ambayo niliipenda: kabla ya kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, au kabla ya safari yoyote ya watu wengi, alitaka kila mmoja aseme kwa mdomo wake hatafanya nini. Si atafanya nini. Vijana waliona ni usumbufu wa wazee. Lakini nimeona mtu akijitoa hapo hapo kwenye uwanja wa nyumba, kwa sababu alishindwa kutamka kwamba hatagusa kitu cha njiani. Alirudi nyumbani mzima na urafiki wao ukaendelea. Angegunduliwa katikati ya safari, isingekuwa hivyo.

Narudi kwa mwenzetu. Ule mpango wa mgao haukudumu, na sababu zake zilikuwa kubwa kuliko paja moja, gharama zikiwa ya kwanza. Baba mdogo akarudi shambani. Mwenzake akahamia kwenye waya.

Waya unatolewa kwenye matairi ya magari yaliyochomwa, au kebo ya chuma inayofumuliwa uzi mmoja mmoja. Unakunjwa kitanzi, unafungwa kwenye mti mahali wanyama wanapopita kwenda kunywa, halafu mwindaji anakwenda kulala. Hapo ndipo baba mdogo alipoona mwenzake amekwisha kutoka kabisa katika uwindaji. Mwenye mshale anaona anachokilenga; akikosea, anajua amekosea nini. Waya hauoni jike wala dume, haujui mwezi wa kuzaa, unamshika fisi, unamshika simba, unamkata twiga mguu. Aliyetega vitanzi vingi hata havikumbuki vyote, na mnyama anaoza pale bila kuliwa na mtu. Tangu 2017 kuna vikosi vinavyozunguka Serengeti kuondoa nyaya hizo, na vimetoa makumi ya maelfu.

Kazi ya waya inahitaji wabebaji. Nyama inakaushwa kwenye kambi ya siri, kisha vijana wanaibeba usiku, viroba vizito, mwendo mrefu. Mwenzetu hakupata shida ya kuwapata. Aliwalipia vijana ada za shule. Aliwanunulia viatu. Mmoja wao tulikaa naye dawati moja shule ya msingi, akaishia darasa la saba, na kila nilipomwona alikuwa akimsifia mzee yule kwamba ndiye baba yake wa pili.

Askari wa doria walipowakuta, mzee aliyelijua pori lile kama uwanja wa nyumba yake alipotea kwenye vichaka. Waliokamatwa ni wenye mizigo. Aliyebeba kilo nyingi mgongoni hakimbii.

Watu wengi bado wanadhani ukikutwa na waya na mnofu unapigwa faini ukarudi. Mashtaka huja kwa kawaida matatu pamoja: kuingia hifadhini bila kibali, kupatikana na silaha humo ndani, na kupatikana na nyara za serikali. Neno nyara linawapumbaza watu. Wanadhani ni pembe za ndovu. Kipande cha nyama kavu ya nyumbu ni nyara. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, shtaka hilo la tatu limewapeleka watu wa wilaya zetu jela miaka 20. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 23, haikuulizi ni nani alitega. Mkiwa na nia moja ya kutenda kosa, kosa la mmoja linakuwa la kila mmoja. Mbebaji, mpishi wa kambi, na aliyekuja siku ile tu kwa sababu mwenzake ni mgonjwa wanasimama kizimbani mstari mmoja.

Yule rafiki yangu wa dawati moja akafungwa. Na sasa sikilizeni alichofanya yule mzee, kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi kuliko waya. Mwezi ule ule alimpelekea mama wa mfungwa nyama. Kapu limejaa, limefunikwa kwa kitenge kipya. Mama yule alikuwa na watoto wengine wanne ndani. Alipokea. Akashukuru. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, na sijui ningemlaumu kwa neno gani. Lakini kuanzia siku hiyo hakuweza kulitaja jina la mzee yule mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wala mbele ya mwanawe alipokwenda kumwona gerezani.

Ndivyo anavyofanya kazi mwenzi wa aina hii. Hakutishi. Anakulisha kabla hujauliza, na ukishameza, swali linakuwa limechelewa. Wanaoniambia "ningemripoti mara moja" huwa naona hawajawahi kula kwa mtu. Mdomo uliokula unaona haya, na haya hiyo si ujinga wala woga peke yake. Ni adabu tuliyofundishwa, na yeye anaitumia.

Kwa hiyo simwoni baba mdogo kama shujaa wa sheria. Hakwenda polisi. Alifanya kitu kidogo zaidi, na kwangu kigumu zaidi: alikataa kipande chake wakati bado kina joto, akakilipia kile ambacho tayari kilikuwa kimeliwa nyumbani kwake, na vyote akavifanya mbele za watu bila kumtukana mtu. Baada ya hapo aliendelea kumsalimia mwenzake. Walikutana misibani, wakakaa benchi moja, wakaulizana habari za ng'ombe. Mwenzake alipougua, baba mdogo alimsukuma kwa baiskeli ile ile mpaka zahanati. Lakini hakuwahi kwenda naye tena porini, na alipoulizwa sababu hakuzungusha: "Hatuhesabu sawa."

Nina jambo moja ambalo sikubaliani naye mpaka leo, na nilimwambia kabla hajafariki. Alijua mwenzake amehamia kwenye waya. Alijua anakusanya vijana. Akaona kwa kuwa yeye amejitenga, yamekwisha. Nilimuuliza: wale vijana nani aliwaambia? Akanijibu kwamba kila mtu na macho yake. Labda kwa watu wa rika lake ilikuwa kweli, maana wote walisimama chini ya ule mti siku ya mizani. Kijana wa miaka kumi na saba hakuwepo. Alichokiona yeye ni mzee mwenye viatu vya kugawa.

Siku hizi mambo yamesogea barabarani. Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori, kwa hiyo nyama ya pori inaweza kununuliwa kihalali penye bucha lenye leseni, na hilo limewachanganya vijana: wanaona nyama ile ile, mmoja anaikata kwenye bucha na mwenzake anakimbizwa. Na mbebaji wa zamani aliyekuwa anatembea usiku kucha sasa ni bodaboda.

Mmoja wa hao alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuja nyumbani jioni, akaegesha pikipiki, akakataa chai, nikajua kuna kitu. Kuna mteja anampigia usiku, anapakia viroba viwili upande wa Nata, analipa mara tatu ya nauli. Hasemi ni nini. Yeye hajawahi kuuliza.

Nikamwambia amwombe afungue kiroba pale kijiweni, taa za duka zikiwa zinawaka na bodaboda wenzake wakiwepo.

"Mwalimu, siwezi. Ni mjomba wangu."

Nikamwambia mjomba ndiye anayepaswa kufungua kwanza, maana hana sababu ya kumficha mpwa wake.

Akainama. "Pikipiki yenyewe ndiye aliyeninunulia."

Hapo niliacha kumweleza habari za sheria. Alikuwa anazijua, alijua hata kwamba chombo kikikutwa na mzigo kinaweza kutaifishwa. Nilichukua karatasi, nikamuuliza pikipiki ilinunuliwa bei gani, kwa siku anabaki na shilingi ngapi akitoa mafuta na chakula, mwezi wa mvua anapungukiwa kiasi gani. Tukaandika. Ilikuja zaidi ya mwaka mmoja na nusu kulipa yote bila mzigo wa usiku. Aliitazama ile namba akaguna, akasema mjomba hatapokea pesa, atachukia. Nikamwambia aanze kuzipeleka hata kama zinarudishwa, na apeleke mbele ya mama yake mzazi. Akauliza kama anaweza kuanza na nusu ya rejesho mwezi huu, tairi la nyuma limekwisha. Tukafuta, tukaandika upya.